Mradi Pawe na Bahari

Mtu wa pwani akitaka kuhama nchi, sharti lake la kwanza ni bahari. Mshahara utafuata, viza itafuata, baridi atakutana nayo hukohuko. "Mradi pawe na bahari." Neno hili nimelisikia sana kijiweni kwetu, hapa Ngamiani, hata siku hizi nasonya kabla msemaji hajalimaliza. Jamani, kwani hapa Tanga bahari tunaifanyia nini? Wangapi kati yetu tunaokunywa kahawa hapa wamelowa maji ya Raskazone mwaka huu? Fundi baiskeli anaiona akienda Deep Sea kununua vibua, na anarudi akilalamikia bei. Mwalimu mstaafu anaiona akipanda ghorofani kwa mwanawe. Mimi naijua kwa harufu, upepo ukigeuka. Basi, ndiyo bahari yetu hiyo. Lakini mwambie mmoja wetu ahamie Dodoma, au Nairobi, au Toronto, uone atakavyokukodolea macho. "Kule watu wanapumulia wapi?"

Safari hii aliyelitamka ni kijana wa mtaani, fundi umeme. Cheti cha VETA anacho, na kazi yake tunaijua, maana nusu ya nyumba za mtaa huu waya kazipitisha yeye. Kachoka kudaiwa kodi na kuwadai watu fedha zake kwa wakati mmoja. Amekusanya miji minne kwenye simu: Maskati, Durban, Halifax na Perth. Simu ikapita baraza zima, kila mtu akavuta picha kwa vidole, akarudisha. Picha zote nzuri, alhamdulillahi. Sijapata kuona mji wa pwani uliopigwa picha mbaya. Maji ya buluu, mashua nyeupe, mtu na mkewe wanatembea mchangani wamevua viatu. Mkataba wa pango haupigwi picha. Foleni ya uhamiaji haipigwi picha.

Dubai haikuwamo, na tulipomuuliza akacheka. Binamu yake alikaa Deira akikodi kitanda. Nasema kitanda, sikusema chumba: begi chini ya uvungu, pazia la kanga kujisitiri, simu inachajiwa kwa zamu. Nyumba nzima hukodishwa kwa mwaka, na kodi hulipwa kwa hundi zinazotangulizwa mkononi mwa mwenye nyumba. Sasa mgeni aliyeteremka juzi hicho kitabu cha hundi atakitoa wapi? Aliporudi tulimuuliza bahari ya Dubai ikoje. Akasema alikwenda kupiga picha za kutuma nyumbani, basi. Ila tarehe 16 Aprili 2024, iliponyesha mvua ambayo haijaonekana kule tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949, maji yenyewe ndiyo yaliyomfuata yeye, mpaka ngazini. Dubai ikaishia hapo.

Maskati sasa. Hapo baraza liligawanyika, maana Tanga huwezi kuitaja Maskati bila kumgusa mtu. Muuza kahawa wetu ana shangazi yake Seeb. "Maskati si ughaibuni," akasema huku akigonganisha vikombe, "Maskati ni kwa shangazi." Na sababu anayo. Sayyid Said ndiye aliyekihamishia kiti chake Unguja karne ya 19, na majahazi yakaenda na kurudi na kaskazi na kusi mpaka ukoo mmoja ukawa na makaburi pande zote mbili. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi walikimbia Zanzibar. Julai 1970, kule Omani, Qaboos akamwondoa baba yake kwenye kiti cha usultani, akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, na waliotokea Zanzibar wakaja na vyeti vyao, Kiingereza chao na Kiswahili chao. Wakaingia wizarani, hospitalini, kwenye kampuni za mafuta. Ndiyo maana mpaka leo ukiwa dukani Maskati usimsengenye mwenye duka kwa Kiswahili ukidhani umejificha: atakurudishia chenji pamoja na jibu. Jioni mishkaki inachomwa kando ya barabara, moshi na vyote. Mtu atajiona hajatoka Ngamiani.

Mwalimu mstaafu akasonya, msonyo mrefu wa mtu aliyesahihisha madaftari umri wake wote. "Hao walikuwa Waomani wakirudi kwao. Wewe, bwana mdogo, unarudi kwa nani?"

Hapo ndipo pananikera mimi kila Maskati inapotajwa. Tunaisimulia kwa mlango wa wenye babu. Mwenye babu aliyetoka Rustaq, kule Omani, aliingia kwa nasaba, akapewa uraia, watoto wake wakasoma, leo ana kiyoyozi kila chumba na anatutumia picha Idi ikifika. Fundi umeme wa Ngamiani asiye na babu Rustaq anaingia kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa kafili. Viza yake iko mkononi mwa aliyemwita kazini. Tuseme haki, mambo yamelegezwa: zamani ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine ulihitaji hati ya yule wa kwanza kusema hana pingamizi, na mwajiri mwenye kinyongo alikunyima ukakaa. Tangu Januari 1, 2021, mkataba ukiisha unaweza kwenda kwingine bila hati hiyo. Hatua kubwa. Lakini ukaazi wenyewe bado umefungwa kwenye kazi. Na serikali yao, kama serikali yoyote yenye vijana wasio na ajira, kila mara inaongeza orodha ya kazi ambazo mgeni haruhusiwi. Unaweza kulala fundi halali ukaamka kazi yako imo kwenye orodha.

Na tusijifanye hatuwajui dada zetu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya wasichana wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu: pasi zimefungiwa kabatini, mishahara imekatwa, saa za kulala hazijulikani. Ripoti hiyo haikuhitajika hapa mtaani, maana waliorudi wanakaa humuhumu na wengine hawapendi kuulizwa. Wote hao mji wa bahari waliupata. Bahari ilikuwa nje ya geti.

Muuza kahawa akanyamaza, akamimina. Fundi baiskeli, ambaye hapendi baraza likinuna, akaleta Salalah. Kule kusini mwa Omani, akasema, kuanzia Juni mpaka Septemba mvua za rasharasha zinashuka, milima inakuwa kijani, kuna minazi, kuna migomba, na kando ya barabara wanauza madafu na mapapai. Picha amezitazama, anaapa kwamba ni Pangani mtupu. Dereva wa lori akamuuliza: "Sasa mtu alipe nauli ya ndege aende kunywa dafu?" Tukacheka. Halafu fundi umeme akauliza habari za joto, na hapo hakucheka mtu. Tanga ikifika nyuzi 33 tunalala barazani. Juni 26, 2018, mji wa Quriyat, pwani hiyohiyo kusini mashariki mwa Maskati, usiku na mchana joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Nasema halikushuka, hata alfajiri. Sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Saa nyingine zote, fundi, ngazi ni yako.

Ndipo nikamuuliza kijana swali langu, ambalo kwa maoni yangu ndilo swali pekee la kuuliza mji wowote kabla hujaupenda. "Ukifukuzwa kazi Jumatatu, Jumatatu ya pili yake uko wapi?"

Akanitazama. Hajawahi kuulizwa hivyo. Wakala hamuulizi mtu hivyo. Wakala anauza siku ya kufika. Jamaa wa huko naye anasimulia siku ya mshahara. Siku ya kuanguka haina msimulizi, na mtu mzima anayehama nchi ataanguka, awe hodari namna gani: kampuni itafilisika, mgongo utauma, bosi atamchukia kwa pua yake tu. Kuna miji ukianguka unakaa chini, unajipangusa, unatafuta kazi nyingine. Kuna miji ukianguka unaangukia uwanja wa ndege.

Durban tukaipima hivyo. Kijana aliipenda kwa maji yake, na ni kweli maji yale ni ya joto, yanashuka na mkondo kutoka upande wetu kupitia Msumbiji. Unaweza kuogelea Julai wakati Cape Town, upande wa Atlantiki, mguu unakufa ganzi. Na kuna kitu kuhusu Durban ambacho wengi barazani hawakukijua, mwalimu akakieleza. Kuanzia 1873 manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa ziliwashusha pale watu waliookolewa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, na mji ukawaita Wazanzibari. Wakapewa makazi Bluff, mahali paitwapo King's Rest, jirani na maji. Wakaswali, wakaoana, wakazaa. Ilipokuja serikali ya ubaguzi wa rangi ikashindwa kuwaweka kwenye kapu: ni weusi lakini ni Waislamu, wana majina ya Kiarabu, hawataki kuitwa Wazulu. Miaka ya 1960 ikawaandika kuwa aina ya Waasia, ikawang'oa pale Bluff na kuwapeleka Chatsworth, mtaa wa Wahindi, mbali na bahari. Wajukuu wao wapo huko mpaka leo. Hao ndio watu wetu wa kwanza wa Durban, na bahari walinyang'anywa kwa karatasi ya ofisini.

Dereva wa lori amefika kusini mara kadhaa, na yeye alileta ya Cape Town. Chini ya barabara ya juu inayopita karibu na bandari wamelala vijana wa Kitanzania, wengi wa Dar es Salaam, wanasubiri meli ya kuzamia. Yupo mwandishi wa Afrika Kusini, Sean Christie, aliyekaa nao akaandika kitabu kizima mwaka 2016. Kijana anajificha ndani ya meli bila kujua inakwenda Brazili au Singapuri, akikamatwa anarudishwa, akirudishwa, anapanga tena safari ya kwenda kulala chini ya lile daraja. Mnh! Hao nao walichagua mji kwa ajili ya bahari, ila walitaka ule upande wa kutokea. Nilimwona fundi umeme anasikiliza kwa makini kuliko nilivyopenda.

Na lile swali langu? Durban Jumatatu ya kwanza yenyewe ni ngumu. Karatasi za kazi kwa fundi wa nje hupatikana kwa mbinde, na raia wenyewe hawana ajira. Aprili 2015 maduka ya wageni yalivunjwa na watu wakauawa mjini humo. Mwaka 2025 vikundi vya raia vilisimama milangoni mwa kliniki kuwazuia wagonjwa wasio na kitambulisho cha nchi. Mgonjwa! Mtu ana homa anaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Sitaki kuwasema Wazulu wote, wapo waliowaficha majirani zao ndani ya nyumba. Lakini mji wa kwenda kuanguka, Durban si wenyewe. Dereva akasema kwa ufupi: "Nenda kutembea, rudi."

Hapo akapita mzee mmoja anayeogopwa kwa historia, akasimama tu na fimbo yake, akasema: "Mnababaika na nini? Hata Sultani alipewa Portsmouth." Akaenda zake. Na ni kweli. Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, alipopinduliwa Januari 12, 1964, aliishia Uingereza, katika mji wa bandari wa Portsmouth, upande wa Southsea, kwenye nyumba ya kawaida. Akakaa zaidi ya miaka 50. Omani, kwa wazee wake, aliomba akakataliwa, mpaka 2020 aliporuhusiwa, na huko akafariki Desemba 30, 2024, akiwa na miaka 95. Fikiria: mtu mwenye babu wa uhakika kuliko wote, na mlango wa Maskati ulimchukua nusu karne. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari mwingine aliyehamia Uingereza, ameandika riwaya nzima ya jambo hili, By the Sea, ya 2001: mzee wa Kizanzibari anaomba hifadhi uwanja wa Gatwick na kijisanduku chake cha udi, ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya kile kijisanduku, na mwisho mzee anapelekwa kuishi mji mdogo wa pwani. Bahari ipo, ya kijivu, na hakuna anayeunusa udi.

Tukiwa hapohapo Uingereza, mtu akataja Brighton na Bournemouth, miji ya pwani iliyojaa nyumba za kulelea wazee. Nikamkata. Njia ile ya kazi ya ulezi waliipita wengi, kisha kuanzia Machi 11, 2024 mlezi akakatazwa kuja na mume au mke na watoto, na Julai 22, 2025 wakaufunga kabisa mlango wa kuajiri walezi kutoka nje. Na ambao tayari wapo ndani? Mwajiri akinyang'anywa leseni, wewe unapewa kama siku 60 utafute mwingine. Kosa la tajiri, adhabu ya mlezi. Uingereza nayo ni nchi ya kafili, ila kafili wake anavaa tai.

Sasa Halifax, ambayo baraza zima liliizomea. Fundi baiskeli hakuweza hata kuitaja sawasawa. Mji upo mashariki ya mbali ya Kanada, jimbo la Nova Scotia, kando ya bahari ambayo hata Julai utaingia kwa kupiga kelele. Theluji, ukungu, usiku wa saa kumi na moja jioni. Meli ya Titanic ilipozama 1912 maiti zilizookotwa zilipelekwa huko, na makaburi yapo mpaka leo, muuza kahawa akashika kichwa: "Mwanangu, mji wa maiti za baharini unautakia nini?" Lakini ngoja. Tangu 2022 majimbo manne ya Kanada ya upande huo wa Atlantiki yana mpango wa kudumu wa uhamiaji, ulioanza kwa majaribio 2017. Mwajiri aliyeidhinishwa na jimbo anakupa barua ya kazi, jimbo linaridhia, wewe unaomba ukaazi wa kudumu. Ukishaupata ule ukaazi, ni wako. Bosi akikufukuza Jumatatu, Jumatatu ya pili uko palepale, umevaa koti zito, unatafuta kazi nyingine, na hakuna askari anayekuuliza kitu. Ukitimiza siku 1,095 ndani ya miaka mitano unaweza kuomba uraia. Mradi umpate huyo mwajiri, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Na cheti cha VETA kule si leseni: utaanza kwa kusaidia mafundi, utabeba boksi kwanza, utafanya mitihani yao, ndipo uguse waya peke yako.

Sitamdanganya mtu kwamba kule weusi walipokewa kwa ngoma. Kulikuwa na kitongoji chao, Africville, pembeni kabisa ya maji ya Bedford Basin, watu wana kanisa lao na nyumba zao tangu karne ya 19. Halmashauri ilikula kodi yao, mabomba ya maji haikuwaletea, jalala la mji ikawaletea. Miaka ya 1960 ikawabomolea, na baadhi ya vyombo vyao ikavisomba kwa malori ya taka. Radhi waliombwa 2010. Sijui kwa nini kila nilipogeukia, mtu mweusi akipewa kiwanja kizuri cha ufukweni siku moja anakuja mtu na ramani.

Perth kwa haraka, maana tulichoka. Perth ina Bahari Hindi yetu hiihii, ila jua linazama ndani yake badala ya kuchomoza. Joto lipo, na alasiri upepo wa baharini unavuma mpaka wenyeji wakaupa jina la udaktari, Daktari wa Fremantle. Viza za mafundi zinahesabiwa kwa alama, chini ya 65 usijisumbue, na umri usifike 45. Fundi umeme wa kigeni anapimwa ujuzi wake, kisha anapewa leseni ya muda mpaka amalize mafunzo ya kanuni zao. Ukishapata ile viza ya kudumu, swali langu lina jibu zuri kama la Halifax, na huna haja ya koti. Ubaya wake ni upweke: mji mkubwa wa karibu, Adelaide, uko zaidi ya kilomita 2,000. Na gharama za kuomba peke yake, kabla ya nauli, zinakuuzisha kiwanja.

Nikatoa hukumu. Nikasema Halifax, kwa sababu kiwanja cha kuuza kijana hana. Nikaongeza na lile la pasi: Tanzania haikubali uraia pacha, kwa hiyo akichukua wa Kanada wa kwetu unakwenda, wakati Mkenya mwenzake tangu katiba ya 2010 anaweka pasi zote mbili mfukoni. Hilo aamue akifika. Nilikuwa najiona nimesema.

Kumbe mama yake yupo. Anauza vitumbua hatua chache kutoka barazani, mgongo katupa sisi, na masikio yote kwetu. Hakugeuka. Akapindua kitumbua kwa kijiti, kikaiva upande wa pili, ndipo akasema: "Shemeji, na mimi nina swali langu. Nikifa Alhamisi usiku, Ijumaa nani ataingia mwanandani kunipokea?"

Hata mwalimu hakusonya. Maana hesabu ni rahisi. Kwetu maiti hailazwi kusubiri ndege. Kutoka Maskati ndege inafika Dar es Salaam kwa saa tano au sita, akipata gari usiku huohuo huenda akawahi jeneza linatoka. Kutoka Halifax ataunganisha ndege mbili tatu, atafika tumeshamwagia maji kaburi. Kutoka Perth vilevile. Swali langu na swali lake yanavuta huku na huku, na mimi sina mji unaoyajibu yote mawili. Nilijaribu kusema kwamba mwanawe akiwa na karatasi imara atakuja kumwona akiwa hai, kila mwaka akipenda, kuliko yule wa Maskati anayesubiri likizo ya kafili kila baada ya miaka miwili. Akaniambia nile kitumbua changu.

Baraza sasa limeweka dau. Fundi baiskeli na muuza kahawa wako Maskati, mwalimu Perth, dereva anasema kijana hataondoka kabisa. Mimi nimebaki na Halifax peke yangu. Kijana yuko Dar es Salaam wiki hii, kaenda kuulizia mtihani wa Kiingereza, na mtihani huo Maskati hawauulizi kwa fundi, kwa hiyo nina matumaini. Mama yake ameniuliza jana kama mtihani wenyewe una kufeli. Nikamjibu unao, tena wengi wanafeli. Akaniongezea vitumbua viwili.